Ruta Niliyoiweka Jikoni

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Miaka kumi na mmoja nimeishi nyumbani kwako hapa Masoko, na hii ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kwako. Mila yetu unaijua kunishinda: mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe wala hamsemeshi. Ukija na njia ya migombani, mimi najitosa majanini. Ukiingia sebuleni, natokea mlango wa jikoni. Tulijuana kwa kikohozi na mlio wa ndala.

Lakini ulinipenda, nilijua. Ulikuwa ukiongea na Mama, mkeo, kwa sauti ya kunifikia jikoni makusudi: "Mwambie mama Lusajo, ndizi za leo kazipatia." Nami nikimjibu Mama, "Mwambie Baba zipo nyingine." Mama akicheka: "Mmenigeuza spika mimi!"

Kilichotuumiza sote ni ule ugomvi wako na Gwamaka, mwanao, mume wangu. Wanunuzi binafsi walikuwa wakija na mizani yao, bei ya kahawa leo hivi kesho vile, naye akachoka. Akang'oa mibuni uliyoipanda na marehemu baba yako, akaweka miparachichi. Ukamwambia, "Umeniua nikiwa hai." Akaenda kutafuta maisha ng'ambo bila kukuaga. Miaka minne hamkusemezana.

Ulipoanza kuugua ukamwambia Mama unataka kumsikia mwanao. Kwa simu yangu haikuwezekana, intaneti ilikuwa ikikwama kila sentensi. Nikapanda bodaboda hadi Tukuyu kununua ruta, kile kidude cha kusambaza intaneti nyumbani.

Mwenye duka, Salumu, aliniuliza swali moja tu: "Mnataka kutazama au kuongea?" Nilikuwa nimeshakumbatia ile kubwa yenye antena nne, nikijua ukubwa ndio uzuri. Akaninyang'anya. "Hii ni ya watu wa filamu. Filamu ikichelewa, inasubiri. Neno likichelewa, limepotea. Kuongea hakutaki mbio, kunataka mtandao usiotetereka." Akanipa ndogo nyeupe, yenye betri ndani ya kusaidia umeme ukikatika, akaipanga mwenyewe ili sauti ya simu itangulie mambo mengine yote. Tukaijaribu palepale. Nikampigia Gwamaka, nikamsikia hadi anavyomeza mate. Nililia mbele ya wateja, sikujali.

"Sasa iweke chumba anachokaa mzee," akaniambia. "Ukuta wa tofali na masufuria vinakula mawimbi. Unaweza kukuta sauti inakwenda upande mmoja tu." Nikamwambia sebuleni siwezi, baba mkwe anashinda humo, na ikizingua mwenye kujua kuitengeneza ni mimi peke yangu. Akacheka: "Kwani dada, mzee anang'ata?" Ningemweleza nini yule? Nikarudi nikaiweka jikoni, juu ya kabati la vyombo.

Jumapili ile Mama alikuwa kanisani. Simu yangu nilikuwa nimemwachia, naye aliiweka kwenye meza iliyo karibu nawe. Ikaita. Ukapokea mwenyewe.

"Gwamaka?" Kimya. "Gwamaka, unanisikia?"

Nikajua ni ukuta. Nikachomoa ruta kwenye umeme, nikaibeba ikiwaka vilevile hadi kwenye pazia la mlango. Zilibaki hatua mbili, Baba. Ningeingia, ningeiweka miguuni pako, ningetoka. Miguu ikagoma. Jamani, miguu hii! Nikabaki nimeshika pazia huku, ruta kule.

Ukasema polepole, "Mwanangu, mibuni yenyewe ilishazeeka. Nilisema kwa hasira. Nimekusamehe, nawe unisamehe. Parachichi zimezaa, njoo ule." Ukangoja. Ukangoja sana. Kisha nikasikia simu ikigusa meza, nawe ukajisemea, "Bado ana kinyongo."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Ni mtandao, Baba! Maneno matatu tu. Nikayameza, nikajiambia Mama akirudi atakueleza. Mama aliporudi alikukuta umelala usingizi asioweza kukuamsha. Jumanne tukakuzika.

Gwamaka alifika siku ya pili ya matanga. Analaumu mtandao wa kijijini, nami nanyamaza. Hajui kwamba nilikuwa nimesimama na dawa mkononi. Mama ndiye niliyemwambia, naye akasema nilifanya alivyofundishwa yeye na mama zake, nisijitese. Mimi najitesa. Ruta sasa ipo sebuleni, na watu wanaongea na ndugu zao walio mbali kama wamekaa nao mkekani. Nikiwasikia wakicheka, natoka nje. Mila siichukii, Baba. Najichukia mimi niliyedhani heshima yako ilikuwa kubwa kuliko kiu yako ya kumsikia mwanao.

Nimeandika barua hii kwa sababu kuna jambo hukulijua ulipofumba macho, na aliyelijua kwanza nyumbani humu ni mimi, siku Gwamaka aliponisimulia akiwa amekaa chini uani. Sauti yake ndiyo iliyokwama. Yako ilifika yote, hadi kikohozi. Alikuwa akipiga kelele kule mpaka jirani yake akagonga mlango.

Pumzika, Baba. Hakukunyamazia. Alikuwa akisema, "Nakuja, Baba, nakuja."

Mkweo,
mama Lusajo