Jino Lisilo na Mdogo Wake

Jumatatu, 5 Machi 1934
Wagonjwa arobaini na mmoja kabla ya saa nne. Malaria, vidonda, mmoja amejikata kwa kisu cha kupogolea chai. Nimerudi nyumbani nikamkuta Mama amefika kutoka ziwani na kuku wawili na neno lake lile lile. Atieno ametimiza miaka tisa, ati aende nyumbani kung'olewa meno sita ya mbele ya chini, kama tulivyong'olewa sisi. Mimi ni dresa, msaidizi wa daktari katika zahanati ya shamba, na ni Mkristo. Mtoto wangu hatolewi hata moja. Nimemwambia mbele ya mke wangu Rebeka, awe shahidi.

Jumatano, 7 Machi
Mvua. Mama hasemi nami. Anamfungua Atieno kinywa na kuhesabu meno kwa kidole, kama mnunuzi wa ng'ombe. Simtaki nyumbani kwangu. Mungu anisamehe, lakini simtaki.

Alhamisi, 8 Machi
Atieno amelia kutwa. Gego la mwisho, chini kushoto, lina shimo. Mama akapata pa kuingilia: "Hiyo wacha, mwanangu. Haina mdogo wake wa kuifuata." Marehemu baba alikuwa mng'oaji wa meno, na Mama ndiye aliyemshikia watoto vichwa. Basi anajiona daktari. Mwezi uliopita tu gego lililo kando yake lilianguka, na jipya linachungulia. Hili nalo ni la utoto. Nani amesoma, mimi au yeye?

Ijumaa, 9 Machi
Nimeling'oa kwa koleo la zahanati. Mizizi mirefu. Damu nyingi. Atieno alinishika mkanda, hakulia. Nimemwahidi jipya kabla ya Krismasi. Jino nikamwekea Mama kwenye kisahani. Hakulitazama. Nilifurahi.

Jumanne, 13 Machi
Daktari Mzungu amekuja kukagua. Nikamwonyesha jino kwa majivuno. Akaligeuza. "Hii jino ya ukubwa. Hapana ota tena." Akaeleza kuwa la utoto huwa limeliwa mizizi kabla ya kuanguka. Sasa meno ya kando yatalalia pengo. Nairobi kuna fundi wa kuweka waya wa kushikilia nafasi, kwa watoto wa Wazungu. Ameniita mpumbavu mbele ya wagonjwa. Ninamchukia. Mama ninamchukia zaidi, kwa kuwa alijua.

Jumapili, 18 Machi
Sikwenda kanisani. Mama anaondoka kesho. Hajaniuliza kitu, na yale meno sita hayataji tena. Asubuhi Atieno alikuja akafungua kinywa, akaniuliza kama jino limeanza kuonekana. Nikamwambia bado kidogo. Mama alikuwa karibu, anapepeta wimbi. Hakuinua kichwa.