Gitaa Niliyomnunulia Mume Wangu, Sasa Sitaki Kumpa

Mpendwa Mama Houda, naomba msaada wako, tena unisaidie mbio kabla mume wangu hajajitafutia majibu mwenyewe.

Mimi ni Béatrice, Mkongomani wa Uvira, tunakaa hapa mtaa wa Kamenge, nasuka nywele, na mume wangu Divin anapiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu. Divin ni mtu mwema, halewi, hapigi, hapotei, ugonjwa wake ni mmoja tu: kuna mpiga gitaa wa roki huko Ulaya, mzee mwenye nywele ndefu kuliko za wateja wangu, ambaye kiwanda kimemtengenezea gitaa yake mwenyewe, ya kijani kama ndizi mbichi, na saini yake imechorwa kichwani, na Divin anaitazama kwenye simu kila jioni kama mtu anayetazama picha ya mtoto aliye mbali. Nilipouliza bei nilifikiri nimesikia vibaya. Kwa bei ile mtu ananunua pikipiki na kubaki na ya mafuta.

Bon, mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na mi nikasema moyoni, ile siwezi kuipata, lakini inayofanana nayo siwezi kuikosa, nikaanza kutafuta kwa siri miezi mingi kabla. Kwanza nikapata moja mjini, ya kijani kweli, mpaka na saini, muuzaji akaapa kwamba hii na ile ni ndugu wa tumbo moja. Nikaipeleka mtaa wa Cibitoke kwa mzee Massoudi, fundi wa redio na magitaa, ambaye zamani alipiga kwenye orkestra za harusi. Akafumba jicho moja, akaitazama shingo yake, akacheka. "Mwanangu, hii shingo imepinda kama barabara ya Bugarama. Tena huyu muzungu, jina yake wameikosea." Nikairudisha mjini kwa kelele nyingi, muuzaji akanirudishia pesa zangu.

Ndipo Massoudi akanitolea nyingine, ya kahawia, haina jina, ya mtu aliyehamia Canada, imekatwa umbo lilelile la gitaa ya mzungu, akasema akiitia nyuzi mpya na zile maiki nzito zinazokaa chini ya nyuzi, itaimba karibu sawa na ile, na ni wachache watakaozitofautisha wakifumba macho. Nikamwambia mi sijui kuzitofautisha hata macho yakiwa wazi. Akasema, "Basi usinunue. Mutu hanunuake chungu bila kukigonga. Ikala, nikuonyeshe kidogo, utanunua siku masikio yako yatakubali." Mke wake, mama Mwantum, akanisogezea kigoda.

Mama Houda, hapo ndipo nilipopotea. Vidole hivi vinasuka nywele tangu utoto wangu, havikuona taabu kuruka kutoka uzi hadi uzi, na kila samedi, yaani Jumamosi, nikawa nafunga saluni mapema nakwenda Cibitoke, mzee ananionyesha, mama Mwantum ananipigia makofi, na nikirudi nyumbani najikuta nachezesha vidole juu ya sufuria. Kuna kipande kimoja cha yule mzungu, kinapanda mbio kama mtu anayekimbia ngazi, Divin anakihangaikia tangu tulipooana. Samedi iliyopita kilinitoka vidoleni chote, kizima, nikapiga yowe, nikamkumbatia mama Mwantum, nikalia. Furaha ya namna ile sikuwa nimeipata tena tangu nilipomzaa binti yetu Christa.

Gitaa nimeshailipa. Niliinunua kwa ajili ya Divin. Na sitaki kumpa. Basi, nimesema.

Sasa yeye ameanza kuona mambo. Vidole vyangu vimeota sugu, na mteja wangu Patricia alilalamika mbele yake kwamba namkwaruza kichwa. Jirani naye amemwambia aliniona Cibitoke nimebeba kitu kirefu kimefungwa kitenge. Juzi Divin akaniuliza kwa upole, "Mama Christa, samedi unaendaka wapi?" Nikasema, "Kwa fundi." "Fundi wa nini?" "Fundi tu." Hakugomba. Aliitundika gitaa yake ya kwaya ukutani, na tangu siku hiyo hajaigusa, nyumba imekuwa kimya mpaka Christa anauliza kama baba anaumwa. Nikimpa hii gitaa nitabaki na kiu, nisipompa nitakuwa mwizi wa zawadi yangu mwenyewe, na nikimwambia kwamba kile kipande nimekipata kabla yake, si nitamvunja? Nifanye nini, mama?

Béatrice, Kamenge

*

Béatrice, nimesoma barua yako nikacheka mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kuchungulia. Kisha nikafika pale gitaa ilipotundikwa ukutani, kicheko kikakatika, na hasira zangu zote ni juu yako. "Fundi tu"? Mume anakuuliza kwa adabu, nawe unamjibu kama anayekudai kodi? Zawadi ya siri ni tamu, lakini siri ikianza kumnyima mtu raha nyumbani kwake, zawadi imeshachacha. Usingoje siku ya ndoa. Mwambie sasa.

Kutotaka kumpa si wizi. Gitaa umeitolea jasho na sugu, baki nayo. Ukimpa huku roho inakuuma, ataiona hiyo roho kabla hajaiona gitaa. Mwambie mzee Massoudi atafute nyingine ya namna hiyohiyo, na safari hii Divin awepo, kwa sababu atakayeisikiliza ni yeye. Tazameni shingo kama imenyooka. Pigeni kila uzi kutoka juu hadi chini, msikie kama kuna mahali panapokwaruza. Iunganisheni na spika, ipigeni sana, kisha msikie kama bado imeshika sauti. Ikifaulu hayo, msiulize inaitwa nani. Akitaka rangi ya kijani ipakwe kijani, rangi haimshindi mtu. Ila saini ya yule mzee wa Ulaya muiache hukohuko, asije akaingia kanisani na jina la uongo kifuani.

Na hilo la kumvunja, umempima mumeo kwa kibaba kidogo. Mtu aliyeacha kupiga gitaa kwa sababu mkewe amemfungia moyo, unadhani anachopenda zaidi ni gitaa? Mpigie hicho kipande mbele ya macho yake, chote, bila kukosea kwa makusudi. Mwanamke anayejifanya hajui ili mume aonekane anajua, huwachosha wote wawili. Kisha umwonyeshe polepole, kama wewe ulivyoonyeshwa. Samedi hii mwende Cibitoke pamoja, na umweleze kabla hamjafika, si mlangoni kwa watu.

Wasomaji, jibu hilo sikulingojesha gazeti, nilimsomea Béatrice kwa simu siku ileile. Dimanche jioni, kesho yake baada ya safari yao ya Cibitoke, nikapiga tena kujua yaliyotokea. Aliyepokea ni Divin.

"We ndiye Mama Houda? Mama, mi nilijua samedi anaendaka kwa mwanaume!" Alikuwa anacheka. "Aliniambia njiani, sikumuamini. Nilifika kule ngumi iko mufukoni. Namukuta muzee na muke yake, wametutengenezea chai. Halafu Mama Christa akapiga ile kipande. Nikaikala chini. Apana kwa kiti, mama, chini kabisa."

"Ulikasirika?"

"Kidogo. Kisha nikamuambia arudie."

"Na gitaa yako?"

"Muzee alikuwa na ingine, tumeigonga, imekubali. Iko kwake, anaipaka rangi."

"Kijani?"

"Apana. Nyekundu. Kijani ni ya yule muzungu."

Nikataka kumuuliza zaidi, lakini nyuma yake nyuzi zilianza kulia, taratibu, na sauti ya mwanamke ikaita, "Divin, we! Ingia hapa, ni zamu yako!" Akasema, "Pardon, mama," akaiweka simu mahali bila kuikata. Gitaa ya pili, bila shaka ile ya kwaya iliyokuwa ukutani, ikaingia. Wakakosea, wakacheka, wakaanza upya. Ilinipasa kukata mimi, lakini nilikaa pale nasikiliza mpaka unite za simu zikaniishia.