Vyura Niliomtia Dada Mdomoni

Jumamosi, Chumbageni. Joto tangu asubuhi, hata jani halitikisiki. Nami najionea kinyaa.

Kitabu changu cha picha cha watoto kimebaki kuidhinishwa tu. Ni hadithi ya kale ya Kifaransa: bibi kizee anaomba maji kisimani. Msichana mdogo anampa kwa adabu, na tangu hapo kila asemapo, vito vinamdondoka mdomoni. Dada mtu, kipenzi cha mama, anamjibu bibi yule ovyo. Yeye akinena wanamtoka vyura na nyoka. Kisima nimekihamishia Mabawa, hapa mjini kwetu, wasichana nikawavisha kikwetu.

Yule mdogo nilimwandika nikijiwazia mimi. Na mkubwa je?

Mchoraji aliomba picha ya kumwongoza. Nikampa ya dada Mwanaidi, ya utotoni, kavaa gauni la Idi lenye maua ambalo mama alimshonea yeye peke yake. Mimi siku ile nilivaa lake la mwaka uliopita. Miaka thelathini nimelifuga gauni lile moyoni, loo! Nikajiambia hatajitambua.

Leo mchana dada kaja kwa miguu kutoka Nguvumali na mwanawe Zuhura, jasho linamtiririka. Sikumwacha hata apumue. Nikamtandazia kurasa mkekani: tazama dada, tazama!

Zuhura ndiye aliyeona. "Mama, huyu si wewe? Mbona unatapika vyura?"

Dada akapitisha kidole kwenye yale maua ya gauni, polepole. Nilingoja anitukane. Wallahi ningefurahi, ningepata pa kujitetea. Akasema tu, "Vyura wametoka vizuri, mdogo wangu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Una maji ya kunywa?"

Maji.

Nusu saa nzima yumo ndani mwangu, ametembea juani, na sijampa hata kikombe cha maji. Mimi, mwandishi wa adabu za kisimani! Nyani haoni kundule. Nikamletea kikombe. Akanywa, akashukuru, akamshika Zuhura mkono, wakaenda zao.

Sijala tangu hapo.

Kesho, kabla ya chai, nakwenda Nguvumali kumwomba radhi. Mchoraji nimeshamwandikia afute uso wa yule mkubwa. Badala yake nimemtumia picha yangu: mtoto kanuna siku ya Idi, gauni la dadake limempwaya.