Kwa Okoth, Aliyezikwa Nje ya Ua

Omera,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo mimi na wewe. Kijaluo changu hakijavuka "omera", yaani ndugu, salamu na bei ya samaki, na Kikuria chako kilikuwa cha kuchekesha ng'ombe. Mke wangu Boke ananiona nimeinama mezani tangu asubuhi, anadhani ni mambo ya shamba. Acha adhani hivyo.

Masika yamekuja na kupita tangu tukuzike. Nami nimeanza kusahau. Mwanzoni ni vitu vidogo, jembe, jina la jirani. Kisha siku moja nilishuka Migori mjini, nikasimama mbele ya duka la mbolea, nisijue nimefuata nini wala nyumbani ni upande gani. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akanitolea kiti. Wiki hiyohiyo kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Nilipozinduka Boke alikuwa amejibanza ukutani, mikono kichwani. Sikumgusa. Lakini yule mtu aliyesimama mbele yake na ngumi nilimtambua. Nilikwisha kumwona kwako.

Mwenzetu mmoja wa jeshini akanipigia simu, akasema kuna madaktari wamekuja Homa Bay wanaochunguza vichwa vya wanajeshi waliostaafu. Nikaenda.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Hakuniuliza nimeua wangapi, kama watu wanavyouliza. Aliuliza nilikuwa natumia silaha gani, na nilikuwa nasimama wapi inapolia. Nikamweleza mzinga wetu. Mimi nakupa kombora, wewe unalidumbukiza mdomoni mwa mzinga, tunainama na kuziba masikio, ardhi inaruka. Halafu tena, na tena. Si Somalia tu, hata mazoezini, miaka yote. Nikamweleza ulivyokuwa ukikaa baadaye juu ya mifuko ya mchanga, damu kidogo puani, unasema, "Omera, taa zimezimika kidogo." Kisha unacheka, unatoa dagaa, omena za mama yako ulizoficha kwenye begi, tunazikaanga juu ya kipande cha bati.

Daktari hakucheka. Akauliza kama hizo taa zilizimika mara nyingi. Nikasema ndiyo. Nikasema hata zangu.

Alinieleza polepole. Mlipuko si lazima ukuguse, hata ukiwa wa silaha yako mwenyewe. Mshindo wake unapita ndani ya fuvu, unautikisa ubongo kama uji ndani ya kibuyu, na ukirudiarudia huenda ukaacha makovu ambayo hata mashine za picha haziyaoni. Huenda ndiyo hayo yanayomfanya mtu asahau, asilale, akasirike bila sababu. Hiyo "huenda" aliitumia sana. Alisema bado wanatafuta, na mengi hawajayajua.

Ndipo nikamuuliza juu yako. Nilimweleza yote. Kwamba ulirudi kwenu Rusinga bila jeraha hata moja, kwa hiyo hakuna aliyekuamini ulipolia kwamba kichwa kinauma. Wengine walisema ni bangi. Wengine walisema uliowaua wamekufuata, kwa sababu uliingia kwa mama yako kabla ya kutakaswa. Kanisani walikuombea mpaka ukatapika. Nikamweleza juu ya kigoda ulichompiga nacho mkeo Akinyi, na alivyomchukua mtoto akarudi kwao. Na juu ya siku ya mwisho, ziwa limetulia, mchana kweupe, ukasimama ndani ya mtumbwi ukatoka nje kama mtu anayeshuka ngazi, mwenzako wa uvuvi akabaki ameshika nyavu.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Siwezi kumsemea mtu ambaye sikumpima. Ukweli tungeuona kwenye ubongo wenyewe, na huo mmeshauzika."

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa hospitali. Nilitaka kupata neno la kumpelekea mama yako, nikapewa "huenda".

Niliporudi nilipitia Rodi Kopany. Akinyi anauza nyanya pale sokoni, na alama ya kigoda bado iko juu ya nyusi. Nikamweleza aliyosema daktari. Alinikatiza. Alitaka kujua kitu kimoja tu. "Alipokiinua kile kigoda, alikuwa ananijua mimi ni nani?"

Nikasema sijui. Ningeweza kumdanganya, omera, na wewe pengine ungependa nimdanganye. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanga nyanya.

Baadaye akaniambia kuhusu Atieno wenu. Watoto shuleni wanamwambia naye atapata wazimu wa baba yake. Hilo niliweza kulijibu, kwa sababu nilimuuliza daktari kwa ajili ya wanangu mwenyewe. Kovu la mlipuko halirithiwi. Akinyi akamwita msichana kutoka nyuma ya kibanda, akanitaka niseme tena mbele yake. Nikasema. Ana paji lako la uso. Alinisikiliza bila kupepesa macho, kisha akauliza kama anaweza kurudi kucheza.

Kwa mama yako nilikwenda wiki iliyofuata. Unajua ulikozikwa. Baba yako mdogo alisema aliyejiua hazikwi ndani ya boma, na hakuna aliyebishana naye. Kwa hiyo uko ng'ambo ya ua, kando ya njia ya mbuzi, na mama yako hutoka langoni kila siku kwenda kung'oa magugu juu yako. Nilimkuta hukohuko.

Nilianza habari ya mzinga na mshindo na makovu. Akainua mkono. "Mimi sitaki kujua hiyo bomu ilikuwa kubwa namna gani," alisema. "Niambie, alikuwa mgonjwa?"

Nilisema, "Mama, nadhani alikuwa mgonjwa sana, na sisi hatukujua."

Akasema mgonjwa hafukuzwi nyumbani. Akaingia ndani, akatoka na panga, akaanza kukata matawi ya minyaa kwenye ua. Nikadhani ameshikwa na uchungu. Lakini alikuwa anakata ya kupanda. Alisema hatakufukua, umesumbuliwa vya kutosha, atasogeza ua.

Tulipanda mimi na yeye, kuzunguka nje ya kaburi lako mpaka tukaunganisha na ua wa zamani. Utomvu ulituunguza mikono. Yeye ananishikia tawi, mimi nafukia. Baba yako mdogo alipita, akasimama, akatazama. Alisema minyaa haing'oi neno la wazee. Mama yako aliendelea kupanda. Sijui kama itashika, kwa sababu jua ni kali na mbuzi hawana adabu. Na baba yako mdogo amesema ataing'oa. Lakini siku niliyoondoka, wewe ulikuwa ndani ya ua.

Nami nimefanya jambo moja. Nimekubali kwamba nikifa, madaktari wauchukue ubongo wangu, wautazame. Boke hataki. Anasema Mkuria huzikwa mwili mzima. Tumezozana, na sijui atafanya nini siku hiyo ikifika, maana mimi sitakuwepo kumsihi. Nitakwenda kwa daktari kila atakaponiita, maadamu njia ya Homa Bay bado naikumbuka. Nisipoikumbuka, Boke ameahidi kunishika mkono. Hilo amekubali.

Naahidi, iking'olewa, mama yako hatapanda minyaa peke yake. Naahidi Atieno atasikia kwangu, akiwa mkubwa wa kuelewa, kwamba baba yake alikuwa mchekeshaji kabla ya taa kuanza kuzimika.

Pumzika, Okoth. Nikija huko nikiwa na fuvu tupu, usinicheke mbele ya wenzetu. Nipishe tu nikae kando yako.

Ndugu yako,
Marwa