Kinanu Hana Namba

Bula Pesa,
Isiolo.
Tarehe 2 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Muthomi,

Pokea salamu kutoka nyumbani, pamoja na vumbi la Isiolo ambalo nina hakika utalikuta ndani ya bahasha. Habari ya Doha? Habari ya kazi na hilo lori lako? Mgongo umepona, ama bado unajitibu kwa kulala tu na kuniambia uko sawa? Sisi huku Mungu ametuhurumia. Baba ana nguvu, ila magoti yake yanalalamika kila akisimama, naye analalamika pamoja nayo. Mvua imechungulia mara moja ikarudi ilikotoka.

Hoteli yangu inaenda vizuri. Madereva wa miraa wakishuka kutoka Maua wanasimama kwangu kwanza, ati chapati za Karambu ndizo zinazowafikisha Marsabit wakiwa hai. Nawaambia wasinisifu sana, walipe waende.

Utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Lakini wewe kwa simu huongeleki! Nikianza jambo unasema mtandao unakatika, na mtandao haukatiki unapotaka kujua Baba amekula nini. Kijana wa Kiragu, yule mwenye duka la misumari na mabati, anarudi huko wiki hii, nikaona heri nimpe karatasi. Karatasi haina kitufe cha kukata. Kaa chini, weka chai karibu, usome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni Kinanu wako. Siku ile uliponiuliza amekuwa wa ngapi darasani nikakujibu hana namba, ulikasirika. Ulisema shule ambayo haitaji namba inaficha aibu, na kwamba umeshaongea na shule ya bweni kule Meru, inamsubiri Januari, huko watoto wanapangwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho kama zamani. Simu ilikuwa kwa spika, Muthomi. Mtoto alikuwa hapo mezani akichambua maharagwe. Hakulia. Aliendelea kuchambua, halafu akaniuliza, “Shangazi, huko bodingi nitakuwa wa ngapi?”

Woiye, Muthomi! Tangu tumzike mama yake, Ivy, mtoto huyu amelala chumba kimoja na mimi. Najua wewe ndiye baba yake na neno la mwisho ni lako. Lakini kabla ya hilo neno la mwisho, wacha nikueleze nilichokiona shuleni juzi wakati wa kufunga. Mpaka leo nikikanda unga nakikumbuka, mkono unasimama.

Baba ndiye aliyetangulia kwenda. Unajua desturi yake: mjukuu akiwa namba moja anapewa mbuzi. Basi mzee alivaa koti lake la kanisa, akafunga beberu mmoja kamba, akamvuta mpaka shuleni, mimi nyuma nikimwomba amwache nyumbani. Hakutaka kusikia. Alifika moja kwa moja kwa Mwalimu Jaldesa, mwalimu wa Gredi ya Tano, akamwambia, “Nimekuja na mbuzi. Nipe namba moja.”

Mwalimu Jaldesa ni mtu wa Garba Tulla, mpole, anaongea taratibu. Akamsalimia mzee kwa heshima zote, akampa kiti kivulini, akamwambia namba moja hakuna. Baba akaniangalia mimi. “Si nilisema? Wameficha. Mtoto ameshika mkia.” Yaani wewe na Baba ni mtu mmoja aliyekatwa vipande viwili, kimoja kikapelekwa Uarabuni.

Hapo mwalimu akatupa ripoti ya Kinanu na kutueleza, na mimi nitakueleza vile nilivyoelewa. Zamani tulipewa hisabati arobaini na mbili kwa mia, halafu basi. Arobaini na mbili ya nini? Mtoto anajua nini, hajui nini? Hakuna aliyejua, hata mwalimu mwenyewe. Sasa somo limefunguliwa kama kuku anavyokatwa, kila kipande mahali pake. Kinanu kujumlisha: amefikisha matarajio. Kugawanya: amefikisha. Kusoma hadithi kwa sauti mbele ya watu: amezidisha, na hapo nilimkumbuka mama yake. Kupima mzingo, yaani urefu wa kuzunguka kitu: amekaribia matarajio. Kiwango cha mwisho kabisa ni mbali na matarajio, na hicho hakuwa nacho. Ni viwango vinne tu hivyo, na hayo matarajio yameandikwa, yanajulikana na kila mtu. Mtoto anapimwa nayo. Hapimwi na mtoto wa jirani.

Baba akauliza swali ambalo hata mimi lilikuwa kooni. “Na watoto wote wakifikisha, itakuwaje?” Mwalimu akatabasamu. “Mzee, wote wakifikisha tunafurahi.” Ai! Unaona hilo jambo? Sisi tulikua tukijua kwamba ili mmoja awe wa kwanza lazima mwingine awe wa mwisho. Kumbe si lazima! Nilihisi kama mtu aliyekaa nyumba moja miaka yote, halafu siku moja akaonyeshwa kuna mlango mwingine.

Lakini Baba ni Baba. Alimwangalia beberu wake, akapiga hesabu ya wajukuu, akasema, “Basi hawa watanimaliza mbuzi.”

Sasa sikiliza kitu chenyewe kilichonifanya nishike kalamu. Nyuma ya madarasa watoto wamelima vitalu vya sukuma wiki, na mbuzi wa mtaa wanavimaliza. Kazi ya mzingo ilikuwa hii: mtoto apime kitalu, apige hesabu, akate wavu wa kukizunguka chote, usipungue wala usibaki mwingi. Mwezi wa tisa Kinanu alikosea. Kitalu kilikuwa mita nne kwa tatu, yeye akazidisha badala ya kuzunguka, akakata mita kumi na mbili. Wavu haukufika. Uliacha mwanya wa mita mbili, na usiku huo huo mbuzi wakaingia kwa mlango waliofunguliwa. Asubuhi sukuma ilikuwa vijiti.

Mimi nilifikiri mambo yameishia hapo. Enzi zetu yangeishia hapo, si ndiyo? Mwalimu Jaldesa hakumchapa, hakumcheka. Alimrudisha kitaluni, akamwambia atembee pembeni mwa kitalu kwa miguu akihesabu, mpaka mguu uelewe kabla ya kichwa. Na akamwambia akiwa tayari anaruhusiwa kurudia. Hiyo ndiyo sentensi ya mwalimu huyu: anaruhusiwa kurudia. Waliokuwa wamekaribia wangeweza kujaribu tena siku ile ya kufunga, anayetaka, wazazi wakiangalia.

Nilishika kichwa. Nani atataka kutokea mbele ya watu wote na kusema nilikosea? Muthomi, binti yako alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. “Mimi, mwalimu. Nataka kurudia ya wavu.” Alisema hivyo bila kuinamisha shingo, vile ungesema unataka kuongezwa chai.

Mwalimu alikuwa amebandika karatasi kwenye mti wa kona ya kitalu, kubwa, kila mtu aisome: mtoto apime pande zote, aonyeshe hesabu, akate mara moja, wavu ukutane. Yaani mtihani umeanikwa juani kama nguo! Sisi tulifichwa maswali, tukafichwa na majibu. Kinanu akapima. Akaandika kwa kijiti mchangani nne, tatu, nne, tatu. Akasimama. Nikaona midomo yake inahesabu. Akakunjua wavu, akapima mita kumi na nne, akakata. Mkasi ulipofunga mimi nilifumba macho, haki ya Mungu.

Alifunga wavu kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne. Kikabaki kile kipande cha mwisho, palepale penye ule mwanya wa mwezi wa tisa. Akauvuta kidogo. Ukakutana. Ncha kwa ncha, pakabaki pa kufungia fundo tu.

Hakuna aliyepiga makofi kwanza. Nilimwona mama mmoja wa Kisomali kando yangu anafuta macho, na mtoto si wake. Halafu kelele zikaanza.

Na beberu wa Baba, kwa ajili ya kelele, akakata kamba! Akakimbilia sukuma moja kwa moja. Akazunguka kitalu mara ya kwanza akitafuta mlango, akazunguka tena, pua kwenye wavu, hakupata hata tundu. Aliposhindwa akageukia mti wa kona na kuila ile karatasi ya mwalimu. Wazazi wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu Jaldesa akasema, “Mzee, mbuzi wako ametusaidia kupima, lakini amekula matarajio.”

Nilidhani Baba atacheka pia. Hakucheka. Alikuwa amemwangalia Kinanu, na mwalimu alikuwa anaandika kwenye ripoti yake: mzingo, amefikisha. Baba akauliza, “Na ile ya mwezi wa tisa?” Mwalimu akamjibu kwamba ile imeshapita, kinachoandikwa ni anachoweza sasa. Mzee akarudia maneno hayo polepole kama mtu anayejifunza wimbo mpya. Halafu akasema jina lako. Muthomi. Hivyo tu.

Mimi nilijua anakumbuka nini, na wewe unajua. Siku ile kwenye paredi, mwalimu mkuu aliposoma majina ya darasa lenu lote mpaka la mwisho, na la mwisho likawa lako. Ulipitia njia ya nyuma ya boma usikutane na watu. Hakuna aliyekuuliza ni nini hasa hukujua. Pengine kilikuwa kitu kidogo kama mwanya wa mita mbili. Naamini hiyo siku ndiyo inayokufanya umtafutie mtoto wako namba. Unaogopa naye yuko mkiani, afichwe mpaka siku atakapotangaziwa mbele ya watu kama wewe.

Lakini hebu nikuulize, dereva wa Doha. Ulipopimwa udereva huko, walikuambia umekuwa wa ngapi? Si walitazama kama unaweza kurudi nyuma bila kugonga nguzo? Na mara ya kwanza si uliigonga, ukanipigia simu ukitaka kurudi nyumbani? Ukajaribu tena ukapita. Toa leseni yako mfukoni uiangalie. Imeandikwa mahali popote kwamba uliwahi kugonga nguzo? Basi. Kupotea njia ndiko kujua njia, na leseni yako inakubali hivyo.

Sisemi mambo yote ni asali. Tunatumwa kadibodi na kalamu za rangi saa ambayo maduka yamefungwa. Darasa limejaa, na Mwalimu Jaldesa ni mmoja. Mtihani wa taifa utakuja tu. Na nakuonya kwamba watoto hawa wanafundishwa pia kujipima na kupima wenzao kwa heshima, kwa hivyo ndani ya nyumba yangu hakuna anayepona. Chapati zangu zimefikisha matarajio. Babu kunyoa ndevu, amekaribia. Mimi kuwa na subira asubuhi, niko mbali na matarajio, na nikamkemea Kinanu kwa hilo, akasema, “Umeona, shangazi?”

Ndugu yangu, nakuomba umwache Kinanu hapa. Nimesema wazi, sitazunguka. Kama bado utaona bweni ni bora nitamfungia sanduku mwenyewe na kumpeleka Meru, kwa maana ni mtoto wako. Lakini usimhamishe ati kwa sababu hana namba. Nimemwona akikosea na akirudia, na sijamwogopea tena tangu siku ile.

Beberu yuko hapa nyumbani, Baba hajaamua la kumfanya. Anasema atamchinja siku ambayo watu wote watakuwa wamefika. Hakusema watu gani, na mimi sikumuuliza.

Baba anakusalimu, na anasema uvae kofia kwenye hilo jua. Ntinyari wa hapa jirani anakusalimu, pia Kiragu na nyumba yake, na kwaya yote ya kanisa ambayo bado inakutafutia mke ingawa nimewaambia watulie. Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi mzuri, na kila mlango utakaougonga kwa haki aufungue.

Nimemwachia mtoto nafasi hapa chini. Anasema wewe pia ni lazima upewe yako, kwa kuwa kila mtu wa nyumba hii ameshapewa. Sikubadilisha neno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukaripia bila kuchoka,
Karambu


RIPOTI YA BABA

Jina: Muthomi
Mwalimu: Kinanu

Kununua viatu vinavyonitosha: Amefikisha matarajio.
Kusimulia hadithi kwa simu: Amezidisha matarajio.
Kuniuliza kabla ya kuamua: Amekaribia matarajio.
Kuja nyumbani: Mbali na matarajio.

Maoni ya mwalimu: Baba ni mzuri na ana bidii. Ya mwisho anaruhusiwa kurudia.