Mume Wangu Aliokoa Sanduku

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, ila nakuambia mapema kwamba neno nisilotaka kulisikia ni "vumilia", maana hilo nimeshaambiwa na ukoo mzima.

Mume wangu ni mtunza stoo kazini, na nyumbani pia ni mtunza stoo. Tangu aanze kuangalia kwenye simu jinsi nyumba zinavyoungua amekuwa akinunua vifaa vya dharura, kofia ngumu, barakoa za moshi, kamba, tochi, mtungi wa kuzimia moto, na vyote kaviweka kwenye sanduku la bati pale koridoni, karibu na mlango wa kutokea, na kufuli juu, na ufunguo kautundika kwenye mkanda wake, na kila jioni hulifungua akavipangusa akalifunga tena, na mtoto akiuliza barakoa inavaliwaje anaambiwa usiguse, utachana nailoni, nami nikanyamaza kwa sababu nilijisemea si pombe, si wanawake, ni makofia tu, acha afurahi.

Sasa mwezi uliopita, mchana, jirani wa chini alisahau pasi juu ya godoro na moshi ukapanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwa saluni kwangu, ng'ambo ya barabara, nikatoka mbio na kitana mkononi, nikamkuta mume wangu barabarani anatweta, watoto wamemshika shati, na sanduku liko miguuni pake, kalishusha peke yake, mshauri, ngazi zote zile!

Nikamuuliza, "Mama yuko wapi?"

Akanitazama, akalitazama sanduku, akashika kichwa. Mama yake mzazi, ambaye miguu haimbebi tangu apooze, alikuwa bado kitandani. Nikapanda mbio na jirani yetu fundi cherehani, tukamkuta kajifunika shuka usoni anakohoa, tukamkalisha kwenye kiti cha jikoni tukamshusha, na namshukuru Mungu yuko hai.

Tangu siku ile nikasema basi. Nina mteja, mwanamke wa zimamoto, kichwa chake huchukua nusu siku kusuka, nikamsuka huku namhoji mpaka akachoka: kwenye moshi unatambaa, mlango unaugusa kwa mgongo wa kiganja kabla hujaufungua, mgonjwa wa kubebwa kwa kiti anashikwa hivi na hivi. Kila Jumamosi nafanya zoezi na wanangu, tunajifunga vitambaa machoni, tunalikwea lile sanduku, maana kalirudisha palepale koridoni, tunapapasa mpaka mlangoni, halafu tunafungua macho, na mimi na binti yangu mkubwa, ambaye ananishinda nguvu, tunamshusha bibi yake kwa kiti, na bibi mwenyewe anapiga kelele, "Kazeni mikono, mimi si gunia!" na anacheka mpaka machozi.

Mume wangu hacheki. Jengo zima linamwita Bwana Sanduku, na anasema mazoezi yangu ni kumwanika, na kwamba Jumamosi hii nikimshusha tena mama yake mbele za watu, niunganishe safari moja kwa moja mpaka kwa wazazi wangu. Mawifi wanataka niombe radhi. Siombi. Nampenda huyu mwanamume na sitaki ndoa yangu ivunjike, lakini siachi ng'o. Je, nimekosa?

Mkaidi wa Ghorofa ya Tatu

JIBU

Wewe Mkaidi, pole, na hongera, na sasa kaa nikuseme.

Kuacha usiache. Mwambie mumeo, bila kupandisha sauti, kwamba Jumamosi mama atashuka, na mkishafika chini mtapanda wote, kwa sababu pale ni kwako. Na wifi yeyote anayetaka uombe radhi, mkaribishe aje ashike mguu mmoja wa kiti.

Lakini umenitia hasira. Ulipanda ndani ya moshi huna hata kitambaa usoni! Mngebaki huko juu wote watatu leo ningekuwa namwandikia mumeo, mgane. Zoezi linafanywa ili mtu asirudi ndani. Kila mmoja awe anajua tangu mapema anatoka na nani.

Halafu lile sanduku. Umeniandikia mwenyewe kwamba mnalikwea, tena macho mmefunga, tena liko njiani kwenye mlango wa kutokea, nawe ndiye mwalimu! Liondolewe leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Na hilo jina la Bwana Sanduku lilitoka wapi? Nahisi lilizaliwa saluni kwako, kati ya kichwa kimoja na kingine. Kama ni hivyo, hilo ndilo la kumwomba radhi, na umwombe mkiwa wawili tu.

Mumeo si mtu mbaya. Watoto aliwatoa. Ila jioni zote hizo alikuwa akijizoeza kitu kimoja tu, kushika lile sanduku, na moshi ulipoingia mikono yake ikafanya ilichokijua. Lakini mama yake, yeye mumeo hajawahi kumbeba hata siku moja. Anaijua aibu hiyo kuliko unavyomwambia, ndiyo maana anabweka.

Kwa hiyo mpe kazi. Aliyeshusha sanduku peke yake ana mgongo wa kushika kiti upande wa juu, binti apumzike. Kufuli litupwe. Nailoni zichanwe, barakoa zivaliwe na kuvuliwa mpaka mtoto mdogo aweze gizani, na yule mteja wako aje amwonyeshe mumeo namna ya kutumia ule mtungi, maana sidhani kama anajua pini inatolewaje.

Akikataa, mshusheni mama vilevile. Akisimama mlangoni kuwazuia, wewe usibishane naye hata neno moja. Tulieni na kiti chenu, mama yake amtazame usoni, amuulize, "Mwanangu, leo unabeba nini?"