Mtego Ndani ya Lazaro

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Duluth, Minnesota
Jina: Verna Ostby
Umri: Miaka 49
Kazi: Mwalimu wa hesabu, shule ya sekondari
Makazi: Mtaa wa Tisa Mashariki, Duluth
Tarehe: 3 Machi 1987

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, ingawa najua kuna mtu alinitangulia kufika hapa na kusema mambo juu yangu.

Mume wangu aliitwa Curtis Ostby. Alikuwa karani kwenye gati la madini. Mwaka 1983 alinunua kompyuta, na siku moja akafuta kwa bahati mbaya hesabu za ushirika wa kanisa letu. Hakulala vizuri mpaka alipopata njia ya kuzirudisha. Njia hiyo akaifanya kuwa programu, na programu akaiita Lazaro, kwa sababu inafufua faili ambayo mwenyewe ameshaizika.

Hakuipeleka dukani. Aliwapa watu wa chama chetu cha kompyuta, wanaokutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, na akaituma kwa simu kwenye mbao za matangazo, yaani kompyuta zinazopigiwa simu, ambako watu wanaachiana programu. Mtu akiifungua, kitu cha kwanza anachokiona ni jina la Curtis, jina langu, anwani yetu, na maneno haya: “Ikikufaa, tutumie dola kumi na tano. Kama huna, itumie tu, na jirani yako mgawie.” Nilikuwa nimekaa kando yake alipoyaandika. Nilimwambia hakuna atakayelipa. Alicheka, akasema tusubiri tuone.

Walilipa. Si wote, wala si wengi, lakini barua zilitoka Alaska, na moja ilitoka Uholanzi. Asiyekuwa na fedha alituma alichonacho. Mmoja alituletea asali. Bi Thelma Raitanen, ambaye nitamtaja tena, alimfumia Curtis glavu za sufu, na Curtis akamwandikia kwamba amelipa na kubakiwa na chenji.

Mnamo mwaka 1985 Curtis aliugua saratani. Aliyetusaidia ni mdogo wake, Dale Ostby, ambaye ni shemeji yangu. Naomba hili liandikwe, maana ni kweli. Dale alimpeleka hospitali kila wiki. Curtis aliposhindwa kutembea, Dale ndiye aliyembeba kumpeleka bafuni. Barua za watumiaji alimsomea yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nikianza kusoma sauti inakatika. Curtis alifariki mwezi wa Oktoba. Kabla hajafa alimkabidhi Dale disketi yenye asili ya programu, ile pekee ambayo mtu anaweza kuitumia kuibadilisha, akamwambia aitunze pamoja na mimi.

Tangu hapo mimi nilipokea simu za watu waliokwama, na Dale akawa anarekebisha programu na kusambaza nakala mpya. Sikuwahi kumkagua. Sikuona sababu ya kumkagua mtu aliyemuosha mume wangu.

Mwezi wa Januari mwaka huu Dale alikuja kwenye mkutano wa chama na nakala mpya za Lazaro. Aligawa kwa mkono wake. Nilimwona akimpa Bi Thelma moja na kumwambia hii ni nzuri zaidi, ile ya zamani aitupe. Bi Thelma akaitupa.

Mnamo tarehe 19 Februari, siku ya Alhamisi jioni, tulikuwa tumekutana tena kanisani. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Bi Thelma aliingia amechelewa, amebeba kompyuta yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, theluji imejaa mabegani. Ana miaka sabini na moja. Hakumsalimia mtu. Aliiweka mezani mbele yangu, akasema, “Verna, mwanangu, niambie nimebonyeza nini.”

Kwa asiyefahamu, Bi Thelma kwa majira mawili ya baridi alikuwa akienda kwenye nyumba ya wazee, akiwarekodi wale waliokuja kutoka Finland kukata miti na kuchimba chuma. Walimsimulia kwa lugha yao, naye ni karibu wa mwisho hapa anayeifahamu vizuri. Usiku aliandika kwenye kompyuta yale aliyorekodi, kisha kanda ileile akaitumia kwa mzee mwingine, kwa kuwa kanda ni ghali kwake. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufa. Sauti zao hazipo tena. Zilikuwa zimebaki kwenye ile kompyuta.

Alinieleza kwamba asubuhi alifuta kwa makosa masimulizi ya mama mmoja. Hakushtuka, kwa sababu Lazaro ipo. Alipoifungua, ilimwomba neno la siri. Hakuwa nalo, hakuwahi kusikia kwamba linahitajika, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Kwenye skrini pakatokea maneno: “Cha bure kimekwisha.” Mashine ikanguruma muda mrefu. Iliponyamaza hapakuwa na kitu ndani yake.

Nilijaribu kwa nakala ya zamani ya Curtis ninayotembea nayo. Haikupata chochote. Faili ikifutwa kwa kawaida, maneno yanabaki kwenye diski, linaloondoka ni jina tu, na ndiyo maana inafufuka. Hapa maneno yenyewe yalikuwa yamefunikwa kwa sifuri, kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho. Aliyefanya hivyo alijua vizuri Lazaro inafufua vipi, akahakikisha Lazaro haitafufua.

Watu wa chama walikuwa wamesimama kunizunguka. Jina pekee la aliye hai ndani ya programu ile ni langu. Niliona wawili wakizitia disketi zao mifukoni na kurudi nyuma.

Dale hakuja siku hiyo. Mnamo tarehe 21 Februari, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilimfuata kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, Ziwa la Kisiwa. Alikuwa na mkewe, Rosalie, aliyekuwa akikaanga samaki kwenye jiko dogo. Kibanda kile ni chembamba. Aliyemo hawezi kusema hakusikia.

Dale alisema nifunge mlango, baridi inaingia. Nikaufunga. Nikamuuliza, “Dale, umeweka nini ndani ya Lazaro?”

Hakuuliza kuna nini. Alisema, “Nimeweka kufuli. Duka gani halina kufuli, shemeji?”

Nikamwambia kufuli halichomi nyumba ya mtu.

Akasema kaka yake alikuwa mtu mwema, na wema wake tumeuzika pamoja naye. Watu chungu nzima wanafaidi jasho la marehemu, kila mmoja ana kisingizio, na mimi nikiletewa asali na glavu nashukuru kama mjinga. Aliyelipa kwa hundi alitumiwa neno la siri kwa posta. Asiyelipa alipewa majuma manne, kisha akome.

“Hata majuma manne hukuwaambia,” nilisema.

“Mwizi haambiwi mlango utafungwa lini.”

“Bi Thelma si mwizi. Alilipa.”

“Kwa glavu?”

“Curtis alizipokea.”

Dale alitazama tundu la kuvulia kwenye barafu. Akasema, “Curtis hayupo.” Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa muda nilidhani atalia, nikawa tayari kumsamehe. Nasema hivi kwa sababu nimeapa kusema kweli.

Nilimwambia nitawapigia simu wenye mbao za matangazo wote, niwaambie kilichomo na nani amekiweka. Hapo akainua uso. Alisema, “Fikiri kwanza, shemeji. Jina lililo pale ni la nani? Anwani ni ya nani? Mimi hapo sionekani popote.”

Rosalie aliwageuza samaki. 

Nilirudi nyumbani nikaanza kupiga simu. Nilipiga Jumamosi hiyo na Jumapili yote. Wengine walinishukuru. Mmoja wa Chicago aliniuliza kama mimi ndiye yule anayefuta diski za watu, nikamjibu ndiyo, jina ni hilohilo, lakini asikate simu. Waliniuliza watatofautishaje nakala nzuri na ile mbaya. Niliona hawataweza, maana kwa nje zinafanana, na mtu humpa mwenzake bila kuandika kitu. Kwa hiyo niliwaambia wafute zote. Hata ya Curtis. Niliwasomea tangazo hilo moja baada ya mwingine, na kila mmoja akaliweka kwenye ubao wake, lina jina langu chini.

Mnamo tarehe 24 Februari askari wa kituo hiki alikuja shuleni, akanitoa darasani mbele ya wanafunzi. Nikafahamishwa kwamba Dale alifika kituoni siku iliyotangulia, akasema kuwa programu ni yangu, nimeibadilisha mimi kwa uchungu wa kufiwa, na yeye kama ndugu ameona aibu, akaona bora aseme. Niliambiwa pia kwamba Rosalie ameulizwa juu ya mazungumzo ya kibandani, akajibu kwamba siku ile tulizungumzia samaki.

Nimeulizwa kama nina ushahidi. Disketi ya asili anayo Dale, na bila hiyo hakuna wa kuweka kitu ndani ya Lazaro. Mkipekua kwake mtaikuta, labda kama ameichoma. Watu wa chama waliona nani aliyegawa nakala za Januari. Watu waliotumiwa neno la siri kwa posta wanayo bahasha, na mwandiko ni wa Dale.

Nimeulizwa kama nina ugomvi wa siku nyingi na Dale. Sina. Krismasi tulikula kwangu. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake kwa sababu nilimwomba akae.

Nimeulizwa hali ya Bi Thelma. Jumapili iliyopita nilikwenda kwake. Nilikuwa nimepata kurasa chache alizowahi kuchapa kwa ajili ya gazeti la kanisa, ni wazee wanne tu, nikampelekea. Nikamwambia nitakuja kila siku baada ya shule kumsaidia kuandika upya anachokikumbuka. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa na mkate wa iliki. Alisema, “Najua si wewe, mwanangu. Polisi wakiniuliza nitawaambia si wewe.” Kisha nilipoinuka kwenda kuiwasha kompyuta, akaweka mkono juu yake. Akasema, “Lakini hii usiiguse.”

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Sina jingine.

Sahihi ya shahidi: V. Ostby

Maelezo ya ofisa: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa sauti, akakiri kuwa ni sahihi. Baada ya kusomewa aliomba neno “shemeji yangu” liondolewe, pawe na jina la Dale Ostby peke yake. Nilimweleza kuwa maelezo yaliyokwisha kusomwa hayafutwi. Akasema basi liachwe, lakini niandike hapa kwamba aliomba.

Sajini H. Wuori